Awinja wa Mochari na Kichwa cha Titus

Mimi naitwa Osundwa, fundi wa kuchomelea chuma hapa Shirere, na mke wangu Gentrix Awinja anafanya kazi mochari. Nasema mapema ili tusisumbuane. Watu wakisikia mochari wanakohoa kidogo, wanaangalia kando, halafu wananiuliza kwa sauti ya chini, "Na haogopangi?" Aogope nini? Maiti hana kelele wala matusi. Wanaomsumbua Awinja ni sisi tulio hai, na katika habari hii nitawataja, nikiwemo mimi mwenyewe.

Alizaliwa Lurambi, mtoto wa mkata miwa. Alipomaliza shule alitaka uuguzi, nafasi ikakosekana, akaambiwa kuna kazi ya usafi mochari katika hospitali moja hapa mjini, jina lake niliache. Alienda akidhani ni ya muda tu. Wanaume aliowakuta huko wakamcheka, eti msichana atazimia kabla ya chai ya saa nne. Hakuzimia. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa mtu mwema lakini mzembe, anapeana kisu mkono kwa mkono kama watu wanaopeana kijiko. Siku moja akajikata kidole, akacheka, akakifunga kitambaa. Baadaye ini likaugua, macho yakageuka manjano, na Awinja ndiye aliyemuosha alipoletwa kwenye meza ileile aliyokuwa akifanyia kazi.

Tangu hapo mke wangu akawa mkali. Akasoma, akaenda kwenye mafunzo kila alipoitwa, na leo ndiye msimamizi. Kwake kisu hakipitishwi mkononi. Unakiweka kwenye trei, mwenzako anakiokota. Ukikosea mara ya pili unatoka nje, uwe nani. Siku moja nilimpelekea simu aliyoisahau nyumbani, nikasimamishwa mlangoni kama mwizi kwa sababu ya viatu. Mimi, mume wake wa kanisani! Nilirudi karakana nimenuna, lakini moyoni nilikuwa nasema, huyo ndiye wangu.

Sasa mwaka jana akaletwa Titus Andati.

Titus alikuwa na mashine ya kusaga mahindi huko Mautuma sokoni, mtu mzima, mcheshi, anayejulikana na kila mama mwenye debe. Ugonjwa ulimwingia polepole. Alianza kusahau namna ya kuwasha mashine aliyoiwasha maisha yake yote. Kisha akawa anayumba njiani na wala hajaonja pombe. Mikono ikaanza kurukaruka, mlango ukigongwa mwili wote unashtuka. Mahindi aliyoyapanda kwa mkono wake hayakuwa yamekomaa, na yeye alikuwa hasemi tena, hamjui mtu, hata mama yake. Madaktari wa hapa wakampiga picha ya kichwa, wakashauriana na wenzao wa Nairobi, wakasema wanashuku ugonjwa wa prioni. Akafa muda si mrefu.

Nilimuuliza Awinja prioni ni mdudu gani. Akasema si mdudu, wala si virusi. Ni protini ya ubongo wenyewe, kila mtu anayo, ila inajikunja vibaya, halafu inazikunja na nyingine zilizo karibu, mpaka ubongo unajaa vitundu. Mara nyingi huanza yenyewe, hakuna aliyekupa. Huupati ugonjwa huo kwa kumsalimia mgonjwa, wala kumlisha, wala kulala naye chumba kimoja. Hatari iko kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa yule anayefungua na kisu. Ukikuingia, dawa hakuna. Alipofika hapo nikaacha kuuliza, maana mwenye kisu ninamjua, analala kando yangu.

Mjane wa Titus anaitwa Moraa, mtu wa Kisii, Mama Wesley. Wakati wote wa ugonjwa ni yeye aliyempikia, akamlisha kwa mkono, akamgeuza kitandani. Na kwa kuwa ni yeye aliyemlisha, kaka mkubwa wa Titus, Hezekiah, akaanza kusema nduguye amelishwa kitu. Mwanamume mzima hawezi kuyeyuka hivyo bure, akasema. Mwanzoni alisema kwa kunong'ona, baadaye akasema kanisani.

Lazima nieleze hapa kidogo. Kwetu, baada ya mazishi familia hukaa pamoja, watu wananyolewa nywele, na mbele ya ukoo mzima inasemwa wazi marehemu ameuawa na nini. Linalosemwa siku hiyo limesemwa, hata wajukuu watalirithi. Na Hezekiah alikuwa ameshatangaza atakachosema: kwamba Moraa amemuua mumewe, na kwamba atarudi kwao Kisii na kuwaacha watoto.

Hezekiah alikuja mochari na lile ombi tunalolijua sote. "Mdungeni dawa ya kutosha," akasema, "tuna watu wa kungoja kutoka mbali." Kwetu maiti hungoja, hilo halishangazi mtu. Mike, kijana wa watu anayefanya kazi chini ya Awinja, alikuwa ameshavuta pampu ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, na kushika sindano kubwa.

"Weka chini," Awinja akasema.

"Madam, familia wamesema aongezewe."

"Familia hawashiki sindano. Weka chini, Mike, na utoke hapo ulipo."

Fomalini tunayoiamini kwa kila kitu haiui prioni. Inaikaza, inaifanya iwe sugu zaidi, hata mvuke mkali wa kusafishia vifaa usiweze tena kuiondoa. Ombi la kawaida kabisa, ambalo kila familia ya hapa hulitoa kwa upendo, lingemweka Mike mashakani yeye na kila atakayeshika pampu ile baada yake. Awinja akamwambia Hezekiah kwamba Titus atakaa kwenye baridi bila dawa, na azikwe mapema.

Hezekiah akawaka. "Basi mpasueni kichwa! Mtuonyeshe! Hiyo 'tunashuku' yenu maana yake ni hamjui!"

Na hapo, nampa haki yake, alisema kweli. Awinja mwenyewe alikubali. Bila kipande cha ubongo kupimwa, hakuna daktari wa kuweka mkono juu akasema kwa hakika. Lakini nani angefungua kichwa kile? Hospitali ikasema hakuna atakayelazimishwa, jeneza lifungwe, azikwe. Mike akasema yeye ana mama mgonjwa anayemtegemea, hagusi. Wengine wakamuunga mkono, nami ningeulizwa ningewaunga mkono kwa sauti kubwa. Hata Awinja alikuwa ameridhika na uamuzi huo.

Halafu akaja Moraa, peke yake. Shemeji zake hawakutaka kusimama naye hata kwenye foleni. Alikuwa amebeba sabuni na taulo mpya kwenye mfuko.

"Dada," akamwambia Awinja, "naomba nimuoshe hata miguu tu. Tukifika Mautuma hawataniacha nimsogelee."

Awinja akamuuliza kama anajua wanachomngojea kumwambia. Moraa akasema anajua. "Wakimzika hivi, mimi nimekwisha. Kuondoka naweza, dada, nitaondoka. Lakini Wesley na wadogo zake wakue wakiambiwa mama yenu ndiye aliyemuua baba yenu?"

Mke wangu akamwambia akae, angoje. Akatoka nje akampigia Daktari Chepkorir, yule bingwa wa kupima maiti aliyekuwa amemfundisha kwenye mojawapo ya yale mafunzo. Chepkorir akasema inawezekana, ikifanywa polepole na ikifanywa sawasawa. Akasema atakuja, lakini hawezi peke yake. Anataka mtu wa kushika kichwa na kukata, mtu asiyetetemeka.

"Nipo," Awinja akasema.

Aliniambia tukiwa mezani, tukila obusuma, ugali wetu, na mboga, kwa sauti ya mtu anayekwambia sukari imeisha. Nikalipuka. Nilisema ana wazimu. Nilisema watu wote wamekataa, wanaume wamekataa, kwa nini awe yeye? Nilimuuliza nitamwambia nini Abigail, mtoto wetu. Nilisema Moraa si dada yake, Titus si ndugu yake, na Hezekiah apasue mwenyewe kama anapenda sana kupasua. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Awinja akakiokota.

"Baba Abigail, ukimaliza kelele, nina kazi yako."

"Kazi gani?"

"Msumeno."

Akanieleza. Ule msumeno wa umeme wa mochari hautafaa, maana unarusha vumbi la mfupa hewani, na vumbi hilo ndilo hatari. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mtu aliyefanya kazi na grainda maisha yake yote anajua chembe zinafika wapi. Ikatakiwa msumeno wa mkono, mpya, wa kutumika mara moja na kuchomwa. Lakini wale wa dukani wana mpini mwembamba, na yeye angekuwa amevaa glavu mbili na nyingine ya nyuzi za chuma katikati. Mpini ungeteleza. Ukiteleza, basi.

Nikasema siutengenezi. Asubuhi nikautengeneza. Ungefanyaje wewe? Nimwache mke wangu aingie mle ndani na takataka ya dukani? Nikaunenepesha mpini, nikaupiga tuta dogo mbele ili mkono usisonge kuelekea kwenye meno, nikaupaka mpira. Nikamwambia avae glavu zake zote aujaribu kwenye mfupa wa ng'ombe pale pale karakana, wateja wakikodoa macho. Nikapunguza tuta, akajaribu tena. Akanitazama, akasema, "Huu ni mkono wangu." Ndipo nikajua sina la kubishana tena, ingawa niliendelea kununa, na hata leo nikikumbuka nanuna.

Siku ilipofika niliketi nje ya ukuta wa hospitali na wamama wa chai. Ya ndani nilisimuliwa na Mike, na mengine na Awinja mwenyewe.

Kwanza aliwaita wenye maiti. Hilo lilikuwa wazo lake na namsifu kwalo hadi kesho. Maiti ambaye hajafunguliwa unaweza kumgusa, unaweza kumuosha, ukivaa glavu hakuna neno. Akishafunguliwa kichwa, basi, anafungwa kwenye mfuko usiovuja na jeneza halifunguliwi tena. Kwa hiyo akasema wanaotaka kumuaga wamuage sasa. Mama yake Titus, Nabwire, mwanamke mzee asiyesema sana, akaingia. Moraa akaingia nyuma yake na sabuni yake. Hezekiah akabaki mlangoni mikono nyuma. Nabwire akaosha uso na kifua, Moraa akaosha miguu, kidole kwa kidole, na walipofika katikati walibadilishana kitambaa bila kutazamana. Nabwire akambusu mwanawe kwenye paji la uso. Awinja akamwacha ambusu.

Walipotoka, Mike aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje akasimama. Hakuna aliyemwita. Akaingia akavaa. "Madam," akasema, "kukata sikati. Lakini nitasimama upande safi, niwawekee vitu kwenye trei na niwatazame mkikosea."

"Ukiona kosa, sema kwa nguvu," Awinja akamjibu.

Meza ilikuwa imetandikwa plastiki na juu yake pedi za kunyonya majimaji, ili tone lisifike kwenye bomba la maji machafu. Kichwa cha Titus na mikono ya Awinja vilikuwa ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa plastiki inayoonyesha, umefungwa shingoni mwa Titus, ili vumbi lote libaki humo. Akakata kwa mkono, mdogo mdogo, akipumzika. Kila chombo kikitumika kinawekwa kwenye trei, hakuna aliyempa mwenzake kitu. Mike anasema jasho lilimjaa kwenye miwani na hakuweza kulifuta, na Awinja akasimama kabisa mpaka Mike alipoacha kutapatapa, ndipo akaendelea. Hakuna mtu aliyeharakisha mtu. Chepkorir akachukua alichokuja kuchukua, akakifungasha tabaka kwa tabaka. Wakamfunga Titus vizuri, mfuko ndani ya mfuko. Vyombo vyote vikaenda kwenye tanuri la hospitali, na msumeno wangu pia. Meza ikalowekwa kwa kostiki soda, ile kali ya watengeneza sabuni, ikaachwa saa nzima ndipo ikafutwa.

Nilimwona akitoka getini, uso una alama ya miwani. Nikamwangalia mikono, mbele na nyuma, kidole kimoja kimoja, mbele ya wale wamama wa chai. Hakuna hata mkwaruzo. Nilitaka kumgombeza. Nikamwagizia chai.

Titus akazikwa Mautuma na jeneza limefungwa. Watu wakalalamika, kuna waliofika wamechelewa wakataka kuona uso, na Nabwire akawajibu neno moja tu, kwamba ameshaonwa na mama yake. Kile kikao cha kunyolewa kikaahirishwa hadi majibu yarudi. Hezekiah alikubali kwa shingo upande, maana kupasuliwa alikutaka yeye. Moraa akangoja kwenye nyumba ya mumewe, akipika na kulala kama mgeni asiyejua atafukuzwa lini. Kile kipande kilienda Nairobi, na kutoka huko kikapelekwa nje ya nchi. Ikawa kungoja kweli kweli. Awinja alikuwa anaamka ananiuliza, "Na kama tulichukua vibaya?" Namwambia alale.

Majibu yaliporudi, Chepkorir hakutaka kuyatuma kwa simu. Akasema atakwenda Mautuma ayaseme kwa mdomo wake, na Awinja aende naye. Nami nikaenda, nani angenizuia? Tukakuta ukoo mzima uani. Moraa alikuwa kwenye mkeka, watoto wake wamemkalia karibu mno, Wesley ameshika ncha ya leso yake.

Daktari akasimama akasema. Ni prioni, hakuna shaka tena. Wamechunguza pia kama ni ile ya kurithi, si hiyo. Ilianza yenyewe ndani ya kichwa cha Titus, hakuna chakula kilichoipeleka, hakuna mkono wa mtu. Hezekiah akamgeukia mke wangu.

"Mama, wewe ndiye uliyemshika ndugu yangu kichwa. Uliona nini?"

"Macho hayaoni ugonjwa huo, mzee. Ndiyo maana tulikipeleka kipande mbali," Awinja akasema. "Mimi nilichoona ni mtu aliyetunzwa. Alilala miezi na hana kidonda hata kimoja mgongoni. Kazi yangu naijua, wagonjwa wa kulala wanaletwa kwangu kila wiki. Watu waliotunzwa hivyo nimewaona wachache sana."

Hezekiah akasimama. Kisha akauelekea ukoo akasema. "Ndugu yangu Titus ameuawa na ugonjwa. Hakulishwa. Mke wake alimlea. Nimesema mimi Hezekiah, na asisikike mtu akisema lingine." Akakaa chini akajifunika uso na kofia. Moraa hakupiga kigelegele wala nini. Aliinama tu mpaka paji likagusa mkeka, na Wesley akamlalia mgongoni.

Wakaleta maji na wembe. Wembe mmoja kwa ukoo mzima! Awinja akaruka. "Wembe mmoja, vichwa vyote hivi? Haiwezekani!" Nikatumwa dukani mbio, mbele ya msiba wa watu, kununua pakiti za nyembe mpya. Wazee wakaguna, lakini kila kichwa kikapata wembe wake. Nabwire akasema mkamwana wake hatanyolewa na mtu mwingine, akapiga magoti kwa shida akamnyoa Moraa mwenyewe. Alipomaliza akainua kichwa akatazama watu.

"Na yule?"

"Yupi, mama?" Hezekiah akauliza.

"Aliyemshika mwanangu. Aliyemshika maiti hunyolewa na wenye maiti."

Mtu mmoja akasema huyo ni mtu wa kazi tu, si wa hapa. Nabwire hata hakumtazama. "Nyinyi nyote mlimwogopa," akasema. "Yeye alimshika. Binti yangu, njoo ukae."

Mke wangu ameosha maiti za watu tangu akiwa msichana. Ameosha wa matajiri na wasiojulikana, amewakabidhi wakiwa safi, na familia zikachukua zikaenda, ndivyo ilivyo, hakuna kosa. Hakuna siku aliyowahi kuitwa. Akanitazama mimi kwanza, na mdomo ulikuwa unamtetemeka, yule asiyetetemeka. Akafungua kilemba, akaenda akakaa kwenye mkeka kando ya Moraa. Nabwire akafungua wembe mpya, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza. Nami nikalia kwa sauti, mbele ya watu ambao si hata wakwe zangu, na sikuona haya hata kidogo.